Wapimao Kivuli

Kila ua una pembe yake ya aibu. Ni pale nyuma ya nyumba ambapo jua halifiki ila kwa kuchungulia, nguo hazikauki, nyasi hazishiki, na ukuta umeota ukungu. Wengi wetu pembe hiyo huimaliza kwa saruji, au tukaigeuza stoo ya ndoo zilizotoboka na matairi ya gari lililouzwa zamani. Nataka kuwasifu watu ambao wakihamia nyumba mpya huitafuta pembe hiyo kwanza, kabla hawajatazama jiko. Ni wakulima wa kamelia, na ufundi wao wote umesimama juu ya jambo ambalo bustani nyingine hulikimbia: kujua kivuli kipi kinafaa, kiasi gani, na saa ngapi.

Jina la kamelia huenda likawa geni masikioni, ila mmea wenyewe tumekua nao. Mchai unaofunika vilima vya Kericho, Limuru, Mufindi na Rungwe ni kamelia, Camellia sinensis kwa jina la kitaalamu. Aliyekunywa chai ya rangi asubuhi ya leo amekunywa majani ya kamelia, apende asipende. Yule apandwaye kwa ajili ya maua, Camellia japonica, ni ndugu wa karibu wa mchai, na kwao ni Japani, Korea na pwani ya mashariki ya China.

Anayeutilia shaka undugu huo atafute mchai uliosahauliwa na wachumaji, ule wa pembezoni mwa shamba au kandokando ya mfereji, kisha ainue tawi. Ua la mchai halimtazami mtu. Limeinamia chini ya majani, upana wake sentimita tatu au nne, petali zake nyeupe zimejikunja kidogo, na katikati limesimamisha shungi la nyuzi za manjano zilizojaa chavua. Likishanyauka hufuata tunda gumu la kijani, mara nyingi lenye vyumba vitatu, na ndani ya kila chumba mbegu ya kahawia. Sasa likuze ua hilo, ulitie wekundu, nawe umeshampata japonica wa porini. Tumelima mmea huu kwa zaidi ya miaka mia moja, tangu Wajerumani walipoujaribu Amani, Usambara, mwaka 1902, na walowezi walipoupanda Limuru mwaka 1903. Lakini kwa kuwa riziki yetu iko kwenye jani, ua lake tumeliacha liinamie huko chini bila mtu wa kulisemea.

Japonica ni mti wa msituni. Katika misitu ya Japani isiyopukutisha majani, humea chini ya mialoni na miti mingine mirefu, ukiishi kwa mwanga unaobaki baada ya wakubwa kushiba. Jani lake linaeleza maisha hayo. Ni nene, gumu, upande wa juu umeng'arishwa kwa nta hata utadhani limepakwa mafuta, upande wa chini umefifia. Jani la hivyo halitengenezwi kwa msimu mmoja likatupwa. Hukaa mtini zaidi ya mwaka, likikusanya mwanga kidogo kidogo. Jani lililozoea uchumi huo, ukiliweka kwenye jua la utosi wakati wa kiangazi, huungua likawa na mabaka ya hudhurungi yasiyopona tena.

Nao mti huu huchanua wakati usiotarajiwa, kati ya majira ya baridi na mwanzo wa machipuo, nyuki wakiwa wachache. Ndiyo maana umejifunga kwa ndege. Nyuzi za chavua zimeungana kwa chini zikafanya kikombe, nekta imo kwenye kina chake, na anayeifikia ni ndege mdogo wa kijani mwenye duara jeupe jichoni, Wajapani humwita mejiro. Akiutumbukiza mdomo hutoka na uso wa manjano, akaenda kuupaka mti wa jirani. Ndege huyu ni wa jenasi ya Zosterops, na msomaji wa Moshi au Taita ameshawaona ndugu zake wakirukaruka vichakani kwa makundi. Pemba ina aina yake ya pekee isiyopatikana popote pengine duniani.

Muungano huohuo wa nyuzi, unaoshika na petali, ndio unaolifanya ua la japonica lianguke zima. Halipukutishi petali mojamoja kama waridi. Hukatika lote, likatua chini limekaa wima, nawe waweza kudhani limeotea hapo. Kuna hadithi inayorudiwarudiwa kwamba masamurai waliliogopa ua hili kwa sababu kuanguka kwake kunakumbusha kichwa kilichokatwa kwa upanga. Mimi hadithi hiyo siipi uzito. Masamurai wa Higo, jimbo ambalo leo ni Kumamoto, ndio haohao waliolea aina yao ya kamelia kwa wivu mkubwa, yenye petali bapa za mzunguko mmoja na shada la nyuzi ambazo huweza kuzidi mia. Mtu haogopi ua kisha akashinda nalo kizazi baada ya kizazi.

Basi tuje kwenye kivuli chenyewe. Asiyejua atadhani kivuli ni kimoja, kipana au chembamba. Mkulima wa kamelia ana vivuli vingi, na hutembea bustanini akivibagua. Kipo kivuli cha ukuta, kizito, kisichobadilika, kinachomfaa mmea iwapo mbingu iko wazi juu yake. Kipo kivuli cha mti usiopukutisha majani, ambacho huzuia mwanga mwaka mzima na mvua pia. Kipo cha mwaloni unaopukutisha majani, kinachofunika kiangazi wakati jua ni kali, kisha kikafunua majira ya baridi wakati matumba yanahitaji mwanga. Na kipo kivuli cha msonobari mrefu uliopunguzwa matawi ya chini, mwanga ukishuka vipande vipande kama upitao kwenye paa la makuti yaliyochakaa. Hicho cha mwisho ndicho mabingwa wengi hukipigania.

Tena mti wa kuazima kivuli huchunguzwa hadi mizizi. Mwaloni na msonobari hushusha mizizi mbali, wakamwachia kamelia tabaka la juu. Mti kama mbetula huitandaza mizizi yake karibu na uso wa udongo, na hunywa maji yote kabla kamelia hajapata funda. Kivuli cha mti wa aina hiyo ni karamu yenye mlango uliofungwa, na bwana shamba anayeuza miche bila kumweleza mnunuzi jambo hilo hajamtendea haki.

Kuna na kosa la upande wa pili. Mtu akishasikia kuwa kamelia hupenda kivuli, huenda akamtia gizani kabisa. Mmea hautakufa. Utakaa miaka na miaka, majani ya kijani kibichi ya kupendeza, wala hautatoa ua hata moja, kwa sababu tumba la ua hugharimu mwanga na gizani gharama hiyo hailipiki. Kwa hiyo mkulima hupima. Husimama uani saa tatu, akarudi saa sita, akarudi saa kumi. Hufanya hivyo kiangazi na majira ya baridi, maana jua la kaskazini ya dunia hushuka sana mwisho wa mwaka na kivuli cha nyumba hurefuka hadi kwa jirani. Sisi tunaokaa karibu na ikweta, ambao jua letu hupita utosini mwaka nenda mwaka rudi, hatulazimiki kuijua hesabu hiyo. Wao wanaijua kwa miguu.

Hesabu yenyewe ina mtego mmoja ambao naupenda kuliko yote. Mtu wa kawaida angesema jua la asubuhi ndilo la upole, basi mmea upewe ukuta unaotazama mashariki. Kwa kamelia wa nchi za baridi, huo ndio ukuta wa hatari. Usiku sakitu huligandisha tumba. Likiachwa liyeyuke polepole, mara nyingi hupona. Jua la asubuhi likilipiga moja kwa moja huyeyuka kwa ghafla, chembe za petali hupasuka, na kufikia mchana ua limekuwa la kahawia kabla halijafunguka. Kwa hiyo huko Uingereza kamelia hupewa ukuta wa magharibi au wa kaskazini, ambako baridi huondoka kwa hiari yake. Hapo ndipo ninapowavulia kofia: wamejua kwamba upole wa jua hutegemea kilichotokea usiku.

Udongo una sharti moja kubwa nalo ni tindikali. Kamelia hutaka pH kati ya 5.5 na 6.5 hivi, mchai hustahimili tindikali zaidi ya hapo, na ndiyo sababu udongo mwekundu wa nyanda za juu ulimfaa. Kwenye udongo wa chokaa mizizi hushindwa kupata madini ya chuma, majani yakawa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Mtu wa Mombasa au Unguja, anayelima juu ya jiwe la matumbawe na katika joto lile, asijisumbue. Sehemu zenye ubaridi wa milimani ndizo zenye matumaini. Mizizi hukaa juujuu, hivyo mche haupandwi kwa kina: uso wa donge la mizizi hubaki usawa wa ardhi au juu yake kidogo, kisha hutandazwa majani yaliyooza au sindano za msonobari, bila kuegemezwa kwenye shina. Miche mingi iliyonunuliwa kwa bei kubwa imekufa kwa kuzikwa sentimita chache tu zaidi ya inavyostahili.

Maji ndiyo yanayotenganisha mwanagenzi na fundi. Kamelia hutengeneza matumba ya msimu ujao kiangazi, kwenye machipukizi ya mwaka uleule, nusu mwaka hivi kabla ya kuchanua. Mti ukishikwa na kiu mwezi Julai au Agosti hauoneshi dalili yoyote. Majani yanang'aa, mwenye bustani anasafiri kwa amani. Kisha Februari matumba yaliyonona huanza kudondoka moja baada ya jingine bila kufunguka, naye hulaumu baridi, wadudu, au aliyemuuzia mche. Deni lilikuwa la Agosti. Ufundi unaoadhibu kwa kuchelewa namna hiyo haufundishiki haraka. Anayeuweza ni yule mwenye kukumbuka mwaka wake wote kwa mpangilio. Na maji yanayopendelewa ni ya mvua, yaliyokingwa kwenye pipa, kwa kuwa ya bomba katika miji mingi yana chokaa.

Kuna kazi nyingine ndogo ya vidole ambayo watu wa maonesho ya maua huifanya. Ncha ya tawi la japonica huweza kubeba matumba mawili, matatu, hata zaidi yaliyobanana. Tumba la ua ni nene na la mviringo. Chipukizi la jani ni jembamba lenye ncha kali, na yote mawili hukaa bega kwa bega. Mtunzaji hushika tumba la ziada kwa kidole gumba na cha shahada, hulizungusha kidogo hadi likatike, bila kugusa chipukizi lililo ubavuni mwake, maana hilo ndilo tawi la mwakani. Hubakiza moja. Lililobaki hupata chakula cha wote na kutoa ua pana. Binafsi naona mti uliobanana maua madogo ni mzuri zaidi kuliko wenye maua machache makubwa, lakini vidole vile ukivitazama vikifanya kazi utanyamaza.

Wazungu walichelewa kumwelewa mmea huyu, na walimwua kwanza kwa ukarimu. Inasimuliwa kwamba Lord Petre wa Thorndon Hall, Essex, aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuwa na kamelia Uingereza, kiasi cha mwaka 1739, aliiweka miche yake katika nyumba ya vioo iliyopashwa moto, kwa imani kwamba kitu cha mashariki ya mbali lazima kitataka joto. Ikafa. Hata baada ya hapo mmea uliendelea kufungiwa ndani ya vioo kwa muda mrefu, ukawa ua la matajiri; mwaka 1848 Alexandre Dumas mwana akatoa riwaya yenye kamelia jinani na shujaa mgonjwa wa kifua, Verdi akaigeuza opera mwaka 1853, na hapo ua hili likapata sifa ya udhaifu wa kifua ambayo halikustahili. Mti unaostahimili theluji uliitwa mlegevu kwa sababu waliuona sebuleni tu.

Ustahimilivu wake umeandikwa Pillnitz, kando ya Dresden, Ujerumani. Hapo upo mti mmoja wa japonica uliopandwa ulipo mwaka 1801, ambao sasa una urefu wa karibu mita 9 na huchanua maelfu kwa maelfu ya maua mekundu kuanzia Februari hadi Aprili. Kwa kuwa baridi ya huko ni kali, tangu zamani ulikuwa ukijengewa kibanda kila majira ya baridi. Januari 1905 kibanda hicho kilishika moto usiku, baridi ikiwa karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Wazima moto walimwaga maji, maji yakaganda juu ya matawi, na koti hilo la barafu likaukinga mti dhidi ya ule ubaridi wenyewe. Ulichipua tena. Leo una nyumba ya vioo ya tani 54 iliyowekwa juu ya reli mwaka 1992: majira ya baridi husukumwa hadi ikaufunika mti, machipuo ikasogezwa pembeni. Wengine husema huo ni ubadhirifu kwa mti mmoja. Mimi nasema ni nchi iliyoelewa tofauti ya kuhifadhi na kufungia.

Aliyewarahisishia watu wa kawaida kazi hii ni J. C. Williams wa Caerhays, Cornwall. Miaka ya 1920 alizalisha japonica na aina nyingine ya porini kutoka Yunnan, China, ambayo mbegu zake zilikusanywa na msafiri George Forrest. Watoto wao, wanaoitwa williamsii kwa heshima yake, huweka matumba hata pale kiangazi kilipo baridi na mwanga mchache kiasi kwamba japonica angesusa, nao hudondosha maua yaliyozeeka bila kuyang'ang'ania yakiwa kahawia. Kwa wenye pembe mbaya kupindukia, hao ndio wa kuanza nao.

Nirudi kwenye chai, kwa kuwa hata huko kivuli kina mabingwa wake. Katika mji wa Uji, karibu na Kyoto, Japani, wakulima hufunika mashamba kwa matete na mabua, au kwa vitambaa vyeusi siku hizi, kwa muda wa wiki tatu hivi kabla ya kuchuma. Mwanga hupunguzwa hatua kwa hatua. Jani lililonyimwa jua huongeza ukijani wake ili linase kile kidogo kinachopita, na ile asidi-amino inayoipa chai utamu wake, ambayo juani ingegeuka kuwa uchungu na ukakasi, hubaki ndani ya jani. Hivyo ndivyo yanavyopatikana majani ya chai iitwayo gyokuro na yale yasagwayo kuwa unga wa matcha. Ni mmea uleule wa Kericho. Sisi tumeuanika juani, tukaukata uwe meza ya kiunoni, tukauchuma majani mawili na chipukizi kila wiki au wiki mbili usipate nafasi ya kuchanua, na kwa biashara yetu ya chai nyeusi yenye rangi na ukali wa kustahimili maziwa, tulifanya sawasawa. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba kati ya mamilioni ya michai tuliyo nayo tumeachia michache mno ikue inavyotaka, ilhali ikiachwa hufikia mti wa mita nyingi, wenye kivuli chake na maua yake.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza kwa wakulima wadogo wa chai wa Njombe, Lushoto, Kiambu na Kericho: chagueni mchai mmoja ulio chini ya mgrivilea, mwisho wa shamba, msiuchume wala kuukata, na watoto wa shule waletwe kuliona ua lake. La pili kwa jamaa zetu walioko Uingereza, wenye vile viua vyembamba vya nyuma ambavyo jua huvisahau kuanzia Oktoba: kabla ya kumwita fundi wa kumwaga zege, nunueni mche mmoja wa williamsii. Shimo liwe pana kuliko kina chake, udongo usiwe wa chokaa, pipa la maji ya mvua liwe karibu, na ukuta wa mashariki mwachieni mmea mwingine.